Neno Kabla ya Mzigo: Mawasiliano na Biashara katika Milima ya Usambara

Ubora wa mboga peke yake haumpatii mkulima wa Lushoto bei nzuri. Kabichi, karoti, viazi mviringo, pilipili hoho na nyanya za Usambara Magharibi hukusanywa kwenye magulio kama Soni na Lukozi, zikapakiwa kwenye malori na kuteremshwa hadi Mombo, kisha zikashika barabara kuu kupitia Korogwe, Segera na Chalinze mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300. Nyanya iliyokwisha kuchumwa haimngoji mtu. Mkulima asiyejua bei katika masoko ya jiji hilo, Kariakoo au Ilala, siku hiyo hana budi kupokea ile anayotajiwa, na mara nyingi anayemtajia hufaidika bei ikiwa ndogo. Mvua kubwa ikiporomosha mawe na udongo kati ya Mombo na Soni, habari inakuwa na thamani maradufu: aliyepata taarifa mapema huacha mboga shambani, na aliyechelewa huvuna mzigo wa kuozea njiani.

Watu wa milima hii walijua tangu zamani kwamba habari ni nguvu. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Kilindi aliyetawala kutoka Vuga, alifariki mwaka 1862. Vuga ilikuwa juu mlimani, penye mvua na usalama, lakini mbali na misafara iliyopita bonde la Pangani. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini tambarare, karibu na njia yenyewe. Huko alikutana na wafanyabiashara wa pwani, akajua nani anapita na amebeba nini, akajipatia bunduki. Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti cha Vuga, hakuweza kumzuia, na hatimaye Semboja alimfukuza. Miongo michache baadaye Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga, kazi iliyoanza mwaka 1893, ikapita chini ya milima kupitia Mombo hadi Moshi. Tangu hapo Mombo imekuwa mlango wa Lushoto, kwa mizigo na kwa habari.

Sokoni, mawasiliano huanza na salamu. Muuzaji na mnunuzi huulizana hali ya nyumbani, watoto na mashamba kabla bei haijatajwa, na anayeruka hatua hiyo huonekana hana adabu au ana haraka ya kudanganya. Kisambaa hutawala kati ya majirani. Kiswahili huingia pale mnunuzi anapotoka Tanga, Arusha au Dar es Salaam. Lakini maneno yakishakubaliana, vipimo navyo lazima vikubaliane. Fungu, sado, debe, tenga na gunia ni lugha ya soko, na lugha hiyo hupotoshwa. Mfano unaojulikana zaidi ni lumbesa, gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kilemba juu ya mdomo wake, huku mkulima akilipwa kana kwamba ni gunia moja la kawaida. Wakala wa Vipimo umepiga vita ufungashaji huo kwa miaka mingi, ukihimiza mazao yauzwe kwa mizani. Katika biashara hii hakuna jambo linalomwibia mkulima kimyakimya kama hili, kwa sababu pande zote mbili hutamka neno “gunia” na kila upande una gunia lake.

Simu ya mkononi imebadilisha mengi. Mkulima wa Mtae anaweza kumpigia ndugu yake aliyeko Kariakoo alfajiri na kuuliza kama malori ya karoti yamejaa au yamepungua. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, na huduma za namna hiyo za kampuni nyingine zimewezesha malipo kupanda mlima bila mtu kubeba fedha njiani. Pamoja na hayo umeingia ulaghai: ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” umewaliza watu wengi nchini, na kinga yake ni kumpigia mhusika kwa namba unayoijua na kusikia sauti yake kabla ya kutuma. Simu pia haileti uaminifu usiokuwepo. Dalali aliyewahi kusema soko limejaa wakati halijajaa hatasadikiwa hata akipiga mara kumi kwa siku.

Hasara za mawasiliano ya upande mmoja ziliandikwa katika udongo wenyewe wa Usambara. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, ukapanuliwa baadaye katika Usambara. Wakulima waliamriwa kutengeneza matuta mashambani, na waliokaidi waliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa tatizo la kweli. Lakini amri haikuuliza nani ana ardhi ya kutosha, nani atafanya kazi hiyo nzito, ambayo sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, wala wakulima wenyewe walikuwa wakihifadhi udongo kwa njia gani. Watu walipinga, wakahusisha matuta na hofu ya kunyang'anywa ardhi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango uliachwa. Wataalamu walikuwa na elimu, wakulima walikuwa na elimu, na hapakuwa na mazungumzo kati yao.

Njia tofauti ilijaribiwa katika miaka ya 2010. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, walikaa na wakulima wa Lushoto kuoanisha utabiri wa kisayansi na dalili ambazo wazee huzisoma katika miti, ndege, wadudu na upepo kabla ya vuli na masika. Utabiri wa mkoa mzima haumtoshi mkulima wa milimani, kwa kuwa mvua ya Shume si mvua ya Mazinde. Utabiri huo ukioanishwa na yale wanayoyaona watu wa kijiji husika, humsaidia kuamua apande mbegu ya muda mfupi au mrefu, na lini aanze kutayarisha shamba.