Je, Wajua? Kabla Salamanda Hajatia Mguu Majini

Je, wajua kwamba kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili hata mmoja? Wa Afrika wako Morocco, Algeria na Tunisia tu. Mkazi wa Kasese au Bwera, Uganda, akitaka kufuga salamanda wa majini, yule mwenye umbo la mjusi na ngozi ya chura, basi anamleta mgeni, na mgeni huandaliwa pa kulala kabla hajabisha hodi.

Je, wajua kwamba maji mapya yanayong'aa kama kioo yanaweza kumuua? Mnyama wa majini hutoa amonia. Mtoni mkondo huizoa; tangini hubaki na kumuunguza ngozi. Wanaomwokoa ni bakteria. Kundi la kwanza, Nitrosomonas, hula amonia na kuacha nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili, Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo mnyama huivumilia ikiwa kidogo. Makundi haya huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka, pengine zaidi. Mafundi husema tangi linakomaa.

Je, wajua kwamba chakula cha kuanzishia bakteria hao kiko sokoni? Ni mukene, dagaa wakavu unaowakuta karibu kila soko la Uganda. Chagua wasiotiwa chumvi, funga wawili watatu kwenye kitambaa chepesi, watumbukize katika tangi lisilo na mnyama na uache pampu ya hewa ivume. Wakioza hutoa amonia. Hapo ndipo subira inapoanza. Ukipima kwa dawa ya matone, kichupa cha amonia huanza na manjano, kisha kijani siku hadi siku. Baadaye kijani hufifia, na kichupa cha nitriti kilichokuwa buluu hafifu hugeuka zambarau. Wengi hukata tamaa kwenye zambarau hiyo, wakamwaga maji yote na kusugua tangi. Nawasihi wasifanye hivyo! Zambarau ni dalili kwamba kundi la kwanza limeshika kazi na la pili liko njiani.

Je, wajua kwamba wengi wa bakteria hao hawaelei majini? Hujishikiza kwenye sponji ya chujio na juu ya changarawe. Ukiisuuza sponji kwa maji ya bomba, klorini inawaua. Isuuze katika ndoo ya maji yaliyotoka humo humo tangini. Na umeme ukikatika, wakose hewa kwa saa nyingi, huanza kufa; mwenye betri ya akiba ya kuendeshea pampu amewaokoa.

Je, wajua kwamba pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo kali huongezeka karibu mara kumi? Kwa upande mwingine, maji ya mito ya Rwenzori ni laini, yana madini machache, na bakteria wakifanya kazi huyatia asidi hadi kazi yenyewe inasimama. Kijiwe kimoja cha chokaa, jiwe lile lile linalolisha tanuri za saruji Hima, hurekebisha. Kijaribu kwa siki: kikitoa povu, ndicho.

Changarawe ya mto Nyamwamba usiitumie. Mto huo unapita kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, na shaba, hata kidogo, ni sumu kwa viumbe wa majini.

Je, wajua kwamba joto la Kasese ni rafiki wa bakteria na adui wa salamanda? Bakteria hustawi kwenye nyuzijoto 25 hadi 30. Salamanda wengi wa majini wanataka 16 hadi 20. Kumfuga bondeni Kasese bila kifaa cha kupoza maji ni kumtesa, nasema wazi. Afadhali vijiji vya juu milimani.

Je, wajua kwamba Rwenzori ina maajabu yake? Upande wa Bundibugyo yuko chura wa majini mwenye kucha, asiye na ulimi, anayeitwa Xenopus ruwenzoriensis. Ana kromosomu 108. Binadamu tuna 46. Maji ya tangi la mgeni yanaweza kuwaletea viumbe kama huyu magonjwa, ndiyo maana hayamwagwi katika mto Lhubiriha wala mto mwingine wowote. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kuvu mpya iliyokuwa ikiwamaliza salamanda wa Uholanzi. Kwa kuihofia kuvu hiyo, mwaka 2016 Marekani ikazuia kuingizwa kwa aina 201 za salamanda. Maji ya tangi mwaga shambani, mbali na mfereji, migomba itafurahia nitreti.

Je, wajua kwamba Kasese imewahi kuajiri bakteria wenye maisha kama ya hawa wa tangini? Kuanzia 1999, kiwanda cha kobalti mjini kilipuliza hewa kwenye matangi makubwa ili bakteria watafune mabaki ya mgodi wa Kilembe na kuiachia kobalti. Hao hula chuma na salfa, wa tangini hula amonia, na wote hawahitaji jua. Aliyegundua maisha ya namna hiyo ni Mrusi Sergei Winogradsky, miaka ya 1880.

Amonia sifuri, nitriti sifuri, siku saba mfululizo: sasa mlete salamanda.