Malkia wa sisimizi: Bei ya nje, faini ya nyumbani

WAKO watu Ulaya na Asia wanaofuga sisimizi majumbani kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo. Wanayemtafuta zaidi ni malkia, kwani mmoja aliyekwisha pandwa huanzisha kundi zima.

Malkia huonekana baada ya mvua, anaporuka kukutana na dume. Usimchanganye na kumbikumbi. Kumbikumbi ana kiuno kinene na mbawa nne zinazolingana. Malkia wa sisimizi ana kiuno chembamba, na mbawa zake za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Akishapandwa huziangusha na kutafuta shimo.

Kumfuga si kazi kubwa. Huwekwa gizani ndani ya kichupa chembamba chenye maji yaliyozuiwa kwa pamba. Malkia wa sisimizi wavunaji hahitaji chakula mpaka watoto wa kwanza wakue. Huishi kwa akiba ya mwili wake. Baadaye kundi hupewa mbegu.

Urahisi huo umewaponza baadhi ya watu. Mei 2025, mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa na malkia wapatao 5,000, faini ya Sh milioni 1 za Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi 12.

Mkulima, piga hesabu. Kila malkia anayeondoka ni kundi lisilozaliwa, nalo ndilo husambaza mbegu na kupitisha hewa ardhini. Kwa Kenya, anayeitaka biashara hii aanze kwa kuomba kibali Shirika la Wanyamapori (KWS), ndipo anunue vichupa.