Habari ya ada: ni ya leo au ya 2020? Jinsi ya kusoma tarehe kwenye simu yako

Je, umewahi kufungua simu ukakuta habari juu kabisa kwamba kutuma KSh 1,000 kwenda chini ni bure, ukatuma, kisha ukakatwa ada kama kawaida? Hakuna aliyekuibia. Habari hiyo ilikuwa ya kweli, ila ni ya zamani. Msamaha huo ulitangazwa Machi 2020 wakati wa korona na ukaisha 31 Desemba 2020.

Basi ilifikaje juu ya orodha yako? Jibu liko kwenye tarehe.

Kila habari inaweza kuwa na tarehe mbili

Ukitumia programu inayokukusanyia habari kutoka tovuti mbalimbali, kila habari hufika na maelezo yake, pamoja na tarehe. Tovuti nyingi hutuma habari kwa mtindo wa RSS au Atom. RSS huonyesha siku habari ilipochapishwa. Atom lazima ionyeshe siku iliporekebishwa mara ya mwisho, na siku ya kuchapishwa inaweza kuwepo au isiwepo.

Hapo ndipo mambo huchanganyika. Programu ikipanga habari kwa tarehe ya kurekebishwa, habari ya 2020 iliyobadilishwa picha jana inaweza kuruka hadi juu kama habari mpya. Ikipanga kwa tarehe ya kuchapishwa, ukurasa wa ada wa zamani uliosahihishwa leo utabaki chini kabisa na hutauona. Hakuna mpangilio mmoja unaokulinda kila wakati.

Pia kumbuka kwamba mwenye tovuti ndiye huamua kama badiliko ni kubwa vya kutosha kuwekewa tarehe mpya. Anaweza kubadilisha kitu kidogo na tarehe ibaki vilevile.

Inakugusa vipi mfukoni?

Tuseme una biashara na unataka kumtumia msambazaji wako KSh 200,000. Umesoma mahali kwamba mwisho wa kutuma kwa mara moja ni KSh 150,000, kwa hivyo unagawa pesa mara mbili na kulipa ada mara mbili. Kiwango hicho kiliwekwa Machi 2020, kikipanda kutoka KSh 70,000. Mwaka 2023 kilipandishwa tena hadi KSh 250,000. Ungetuma mara moja tu.

Mfano mwingine ni ushuru. Tangu 1 Julai 2023, ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza asilimia 20, lakini mswada huo uliondolewa Juni 2024. Habari za Mei 2024 kuhusu asilimia 20 bado ziko mtandaoni, na ukizisoma bila kucheki tarehe utadhani ni sheria.

Tarehe ya tatu ndiyo muhimu zaidi

Kuchapishwa ni jambo moja, kurekebishwa ni jingine, na kuanza kutumika ni jingine kabisa. Tangazo linaweza kutolewa Juni lakini ada zianze Julai. Tarehe hii ya tatu programu yako haiijui. Iko ndani ya habari yenyewe, kwa hivyo itafute kwa macho yako.

Angalia saa pia. Tovuti nyingi huandika muda kwa saa za GMT, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Habari iliyotoka 30 Juni saa nne na nusu usiku GMT, hapa Nairobi tayari ni 1 Julai, saa saba na nusu usiku. Kama programu yako haibadilishi saa, utaona siku isiyo sahihi.

Kabla hujatuma pesa, fanya hivi:

1. Fungua habari yenyewe, usiishie kwenye kichwa.
2. Tafuta tarehe zote mbili. Ukiona moja tu, jiulize ni ipi.
3. Tafuta maneno kama "kuanzia tarehe" au "hadi tarehe".
4. Kwenye mipangilio ya programu, angalia kama inapanga kwa kuchapishwa au kurekebishwa.
5. Linganisha na orodha ya ada kwenye tovuti rasmi au programu ya kampuni inayokuhudumia.

Na kama habari ya "ofa mpya" inakutaka ubonyeze kiungo na kuweka PIN, achana nayo hata ikiwa na tarehe ya leo. Tarehe mpya haimaanishi habari ni ya kweli. PIN yako ni siri yako, usimpe mtu yeyote.