Kiini na Jani la Mjonso: Suala la Sampuli katika Utafiti wa Mitishamba Mkoani Kigoma

Mmea mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, kwa jina la kisayansi Vernonia amygdalina, huota pia katika nyanda za Kibondo na Kasulu. Ulipata umaarufu wa kitaaluma mwaka 1987 katika Milima ya Mahale, pale Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe, walipomwona sokwe jike mgonjwa akitafuna chipukizi lake. Sokwe huyo aliondoa gome na majani, akafyonza maji ya kiini. Siku iliyofuata alionekana kupata nafuu. Nafuu ya mnyama mmoja, bila shaka, haithibitishi tiba. Lakini uchambuzi wa maabara uliofuata ulitenga vernoniosidi B1 katika kiini, ilhali vernodalini, iliyo na sumu kali zaidi, ilionekana kuwa nyingi katika majani na gome. Kwa hiyo matokeo ya kiini hayawezi kuhamishiwa kwenye majani. Mtafiti akiandika “mjonso” tu, bila kutaja sehemu iliyochumwa na namna ilivyoandaliwa, msomaji hawezi kujua ni dawa ipi iliyopimwa, wala mgonjwa anayechemsha majani anakunywa sumu kiasi gani.