Lubumbashi Wantanshi

Wenyeji wakiitaja Lubumbashi kwa mapenzi huongeza neno moja la Kibemba: wantanshi, aliyetangulia. Si majigambo matupu. Katika kushikana mikono na dunia, jiji hili limetangulia mara nyingi.

Kwanza, lilifahamiana na mataifa ya mbali kabla ya kufahamiana na mji wake mkuu. Reli kutoka Cape Town, kupitia Rodesia, ilifika Septemba 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Aliyetaka kwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, alingoja hadi 1928 reli ifike Ilebo, na hapo bado alishuka garimoshini akapanda meli ya mtoni.

Rekodi ya pili ni ya uchungu. Kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963 jiji lilikuwa mji mkuu wa Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitenga na Kongo: dola yenye bendera, fedha na stempu zake, ila hakuna nchi hata moja iliyoitambua. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na hapa Januari 1961. Septemba mwaka huohuo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akienda kuonana na Tshombe.

Lakini balozi mkubwa kuliko wote wa Lubumbashi amevaa jezi nyeusi na nyeupe. TP Mazembe, ikiitwa Englebert wakati huo, ndiyo klabu ya soka ya kwanza kutetea ubingwa wa Afrika, 1967 na 1968. Ilipita miaka 36 ndipo Enyimba ya Nigeria ikafanya hivyo tena. Kisha ikaja Abu Dhabi, 14 Desemba 2010, katika Kombe la Dunia la Klabu. Kabangu akafunga, Kaluyituka akaongeza, Internacional ya Brazil ikalala 2-0, na kipa Kidiaba akashangilia kwa mtindo wake: ameketi nyasini, miguu mbele, akirukaruka kwa makalio. Haikuwahi kutokea klabu ya nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya dunia. Kufungwa 3-0 na Inter Milan siku nne baadaye hakukufuta hilo.

Sisi Watanzania tuna fungu letu. Mbwana Samatta, akiichezea Mazembe, alifunga katika mechi zote mbili za fainali ya Afrika 2015, ya pili ikichezwa nyumbani pale Kamalondo, na Januari 2016 akawa Mtanzania wa kwanza kutunukiwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Naamini mabao yale yaliifikisha Lubumbashi vijijini kwetu kuliko hotuba yoyote.

Tanzania ina ubalozi mdogo jijini, kama Zambia na Ubelgiji. Hata hivyo, uhusiano unaogusa sufuria uko Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kusini-mashariki, ambako malori ya shaba na kobalti hupanga foleni kuelekea Dar es Salaam na Durban, na unga wa bwali, ndiyo ugali wetu, huingia kutoka Zambia. Mwaka 2024 Kongo ilizuia bia na soda kutoka nje. Agosti maandamano yakazuka, Zambia ikafunga mpaka. Mawaziri wa nchi mbili wakakaa mezani, na baada ya siku chache malori yakaanza tena kusogea.