Kompyuta mpya, printa ya zamani: Hasara inayojificha ofisini

Wafanyabiashara wa Shinyanga mjini, Kahama, Geita na Katoro wanaopandisha kompyuta zao kwenda Windows 11 wanashauriwa kuingiza katika hesabu gharama moja isiyoonekana kwenye ankara ya fundi. Gharama hiyo ni muda ambao ofisi husimama kwa sababu kompyuta imewaka vizuri, lakini printa, skana na hifadhi ya mafaili zilizoko kwenye mtandao wa ofisi hazielewani nayo.

Chanzo cha mabadiliko hayo kinafahamika. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Makampuni yaliyotaka kuendelea kuhudumiwa yalipangiwa dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, bei ambayo hupanda maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa ofisi yenye kompyuta nne, mwaka wa kwanza pekee ni dola 244, na miaka yote mitatu ni dola 1,708. Kwa bei hiyo wengi huona ni heri wabadilishe.

Katika ukanda wa dhahabu, kusimama kwa ofisi si jambo dogo. Tangu soko la madini la Geita lizinduliwe Machi 2019, biashara ya dhahabu imekuwa ya makaratasi: uzito, kiwango cha usafi, mrabaha, risiti na hati za malipo. Bei nayo hufuata soko la dunia, ambalo halimsubiri mtu. Mathalani, bei ikishuka kwa dola 20 kwa wakia moja, yaani gramu 31.1, wakati mnunuzi anahangaika kuchapa hati, gramu 500 za dhahabu safi hupungua thamani kwa dola 321 hivi. Hasara hiyo inazidi gharama ya kuihudumia kompyuta moja kwa mwaka mzima wa kwanza.

Kwa nini vifaa hukataa

Sababu ya kwanza ni ndogo, nayo hupoteza saa nyingi. Baada ya mabadiliko, kompyuta inaweza kuuhesabu mtandao wa ofisi kuwa ni wa umma, kama ule wa hotelini. Hapo hujificha isionekane na vifaa vingine, na yenyewe haivitafuti. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao na kuuweka kuwa wa faragha. Hilo lifanyike kwa mtandao wa ofisi tu.

Sababu ya pili ni masharti mapya ya usalama. Toleo la Windows 11 lililotoka Oktoba 2024, lijulikanalo kama 24H2, kwa kompyuta za daraja la Pro hudai kila mawasiliano ya mafaili yawe na sahihi ya kielektroniki, na halimruhusu mgeni aingie bila neno la siri. Hifadhi nyingi za mafaili za zamani, na skana zinazotuma nakala moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta, zilipangwa bila neno la siri. Hizo ndizo hukwama kwanza.

Sababu ya tatu ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa. Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Printa ambayo mtengenezaji wake aliishia kwenye draiva za biti 32 haitafanya kazi hata kama wino umejaa. Aidha, tangu mwaka 2021, baada ya kugundulika kasoro kubwa ya usalama katika huduma ya uchapaji ya Windows, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuweka draiva ya printa iliyoko kwenye kompyuta nyingine. Lazima awepo mwenye mamlaka ya msimamizi.

Utaratibu wa kufuata

Kabla ya kugusa chochote, mwenye ofisi aandike orodha ya vifaa vyote: aina, namba ya modeli na anwani ya mtandao ya kila kimoja. Kisha athibitishe kwa mtengenezaji kwamba draiva ya Windows 11 ipo. Kifaa kisicho na draiva kihesabiwe kuwa ni gharama ya kununua kingine.

Tatizo likitokea, fundi aanze na kifaa chenyewe. Kama printa inachapa ikitumwa kazi kutoka kompyuta nyingine, basi printa na ruta ni nzima, na kasoro iko kwenye kompyuta iliyobadilishwa. Printa yenye nafasi ya kebo ya mtandao ni afadhali iunganishwe moja kwa moja kwa anwani yake, isipitie kompyuta ya karani mwingine. Anwani hiyo ifungwe kwenye ruta isibadilike, kwani umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kupewa anwani nyingine na kompyuta ikabaki inaitafuta ile ya zamani.

Kwa hifadhi ya mafaili, njia sahihi ni kuipa programu mpya ya mtengenezaji na kumfungulia kila karani jina na neno lake la siri. Wapo mafundi wanaozima masharti ya usalama ili kazi iishe upesi. Mwenye mali afahamu kwamba hapo anarudishiwa hatari ileile aliyoikimbia alipoiacha Windows 10.

Mashine za risiti

Uangalifu zaidi unahitajika kwa mashine za kielektroniki za kodi, EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hususan zile zinazounganishwa na kompyuta ili kutia sahihi ankara. Mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, ndio wa kuulizwa kama programu yao inafanya kazi kwenye Windows 11, na waulizwe kabla ya kupandisha, kwa sababu wajibu wa kutoa risiti haukomi kompyuta inapokorofisha.

Kwa hiyo ofisi yenye kompyuta kadhaa ianze na moja, isiyo ya keshia, siku ambayo biashara ni ndogo. Aliyepandisha kutoka Windows 10 bila kufuta vitu vyake ana siku 10 za kurudi alikotoka kwa njia ya kawaida. Katika siku hizo kila kifaa kijaribiwe kwa kazi halisi: risiti, ankara, nakala ya leseni na faili la hesabu. Siku hizo 10 zikipita, kurudi nyuma ni kuanza upya, na kompyuta isiyo na nakala ya mafaili yake hupoteza hesabu za wadeni pamoja na za wadai.