Siku Tatu za Unguja Pamoja na Watoto

Likizo ya Agosti inapokaribia, katika nyumba nyingi huzuka shauri la safari. Wenye uwezo hutaja Dubai au Istanbul, na wengine hunyamaza kwa kuwa mfuko hauruhusu. Sisi twapendekeza safari fupi iliyo karibu: Mji Mkongwe wa Unguja. Qur'ani imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia, na mji huu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni darasa pana la mazingatio hayo.

Matayarisho

Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini kila msafiri, hata mtoto mchanga, awe na hati yake ya kusafiria. Chukueni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, na mwulizeni wakala masharti ya bima ya wageni kabla ya kulipa chochote. Wenye haraka watapanda ndege. Njia ya nafuu ni basi kupitia Lunga Lunga hadi Dar es Salaam, kisha boti kwa muda wa saa mbili hivi. Agosti ni majira ya kusi, mvua ni chache lakini bahari huchafuka. Anayelewa na ajiandae.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri asiyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Basi siku tatu zatosheleza kutembea, na watoto watajifunza kwa vitendo sala ya safari wanayoisoma madrasa.

Siku ya kwanza: mji wenyewe

Tafuteni malazi ndani ya Mji Mkongwe, kwani vichochoro vyake huendewa kwa miguu. Anzeni Ngome Kongwe, iliyojengwa baada ya Waomani kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki. Anayedhani kuwa majumba ya kale yatamngoja daima na alitazame jumba hilo.

Piteni pia Ukutani, alikosomesha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Kwake na kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt ndiko alikosoma Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Nayo Unguja ikatulipa: Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa huko, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968. Elimu yetu na yao ni kamba moja.

Siku ya pili: ukweli mzito

Asubuhi nendeni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Leo pana kanisa la Kianglikana na makumbusho. Baadhi ya wazazi hupapita mbali kwa kuona haya, maana wafanyabiashara na watawala wa soko lile wengi wao walikuwa watu wa dini yetu. Sisi twaona kuwa kupaepuka ni kosa. Watoto watayasikia haya shuleni, na ni heri wayasikie kwanza kwa baba na mama: kwamba dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara, na kwamba waliojitajirisha kwa kuwateka na kuwauza watu wasio na hatia walidhulumu. Waambieni pia kuwa Kengeleni, Kisauni, wanapopita kila siku, ni mlango wa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru. Habari hii si ya Unguja peke yake.

Jioni shukeni Forodhani. Ulizeni bei kabla ya kuagiza, na chagueni meza ambayo samaki wake wachomwa mbele yenu. Msikose urojo, mchuzi wa manjano wenye ukali wa ndimu au embe mbichi, uliotiwa bajia, viazi, kachori na mishikaki. Mkate wa kumimina mtautambua mara moja, kwani ni ndugu wa mkate wetu wa sinia. Malizieni kwa halwa na kahawa chungu. Siku hizo tatu mama asishike mwiko. Hiyo nayo ni sehemu ya safari.

Siku ya tatu: Kizimkazi

Kodini gari hadi kusini mwa kisiwa, penye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Salini rakaa mbili hapo. Mtoto aliyesujudu mahali palipowekewa kibla zaidi ya miaka 900 iliyopita hahitaji kuhubiriwa kuwa Uislamu wa pwani hii una mizizi.

Neno letu la mwisho ni la mfuko. Safari ya matembezi haikopewi. Wekeni kisanduku nyumbani tangu sasa, kila mmoja atie alichonacho, na kisipojaa Agosti, ngojeni Desemba. Mwenyezi Mungu awajaalie kwenda na kurudi kwa salama. Amin.